Kiti cha Kushoto

Msimu karibu wote niliupitia nimekaa kushoto, helmeti kichwani, daftari la njia mapajani, macho chini. Watu hudhani mwelekezi huziona mbio za magari kuliko mtu mwingine yeyote. Haoni kitu. Kazi yake ni kusoma. Barabara niliijua kwa mgongo na kwa tumbo, gari likipanda, likishuka, likilala ubavu, huku nikimsomea mwenzangu kinachokuja kabla hakijafika: kona ya kulia, kali, usikate, jiwe ndani.

Mwenzangu alikuwa msichana wa Kuze, mtaa wa Mji wa Kale, Mombasa. Tulisoma naye sekondari, na tulipomaliza tukabaki marafiki, ingawa wengi walidhani tutaachana. Kwao ni Waislamu wa tangu na tangu, nyumba yao iko ndani kabisa, kwenye kichochoro ambacho tuktuk huishia mwanzoni. Sisi kwetu ni Tononoka. Baba ni Mtaita aliyeletwa Mombasa na kazi ya reli, mama anaimba kwaya kanisani, na mimi nilizaliwa papo hapo mjini, mtoto wao wa pekee. Kilichotukutanisha na mwenzangu, mbali na shule, ni kwamba ami yake, ndugu mdogo wa babake, alikuwa na gereji nyuma ya nyumba yetu. Kila siku alikuwa akija kwa miguu kutoka Kuze hadi gereji, na kila siku alikuwa akipita mlangoni petu kumwamkia mama.

Gari lilikuwa kuukuu, dogo, jeupe. Ami alilinunua likiwa limegongwa, akaling'oa viti vyote, akalitia kizimba cha vyuma ndani na bamba nene chini ya injini. Babake mwenzangu alikuwa mshonaji wa viti vya magari, ana karakana yake Mji wa Kale, na ndiye aliyevishona viti vyetu viwili. Mkewe hakutaka kusikia habari za mbio. Mume naye hakuzitaka sana, lakini alikuwa mtu wa kusikiliza kabla ya kukataa. Mwishowe alitoa masharti yake mbele ya ndugu yake na mbele yangu.

"Atakayekaa naye ndani awe msichana mwenziwe," alisema. "Swala asiikose. Na siku nitakayomwambia basi, iwe basi."

"Inshallah, baba," mwenzangu akajibu, kisha akanigeukia mimi. Hapo ndipo nilipojua kwamba msichana mwenziwe ni mimi.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya madereva chipukizi, waliokuwa bado chini ya umri uliowekwa, na magari ya injini ndogo. Msimu ulikuwa na duru kadhaa, kila duru na mahali pake nchini, na pointi zilijumlishwa mpaka ya mwisho. Mwenzangu alikuwa anakaribia kuupita umri huo. Ulikuwa msimu wake wa kwanza kuwa na gari, na wa mwisho kuitwa chipukizi. Alilijua hilo tangu mwanzo na hakulizungumza sana.

Mazoezi ya kwanza tuliyafanya kwa miguu. Injini ilikuwa bado iko chini, imelala juu ya magunia, na mimi sikuwahi kusoma ramani nikaielewa. Basi baada ya swala ya alasiri tulikuwa tukiingia vichochoro vya Kuze. Yeye mbele, buibui amelikusanya mkono mmoja, akitembea haraka kama aliyetumwa dawa. Mimi nyuma na daftari. Kushoto, wastani. Kulia, kali, ukuta. Nyooka mpaka msikitini. Ngazi. Alikuwa amejiwekea sharti la kutogeuka mpaka asikie sauti yangu, kwa hiyo nikichelewa alikuwa akifika ukutani na kusimama pale, paji la uso karibu liguse jiwe, akingoja. Wazee waliokaa barazani walitutazama kwa subira. Mmoja wao alituuliza kila tulipopita tumepoteza nini, atusaidie kutafuta.

"Wanisomea nilipo," mwenzangu alinilaumu siku za mwanzo. "Nilipo napaona. Nisomee niendako."

Ilinichukua muda kulielewa hilo. Mwelekezi huishi mbele kidogo ya wakati. Akiipenda kona aliyomo, hata kwa kuiogopa tu, amekwisha kuikosa inayofuata.

Duru ya kwanza ilikuwa kwenye mashamba ya makonge, upande wa nyumbani kwa kina baba. Nilitapika kwenye leso yangu na kuendelea kusoma. Mara mbili nilipoteza mstari, na mara zote mbili mwenzangu alipunguza mwendo bila kusema neno mpaka nikaupata. Tulimaliza wa nne katika chipukizi. Nyanya yangu mzaa baba aliletwa kutoka mlimani kuja kutuona, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, na tuliposimama mbele yake tukiwa wekundu kwa vumbi aliuliza kama kuna mtu aliyetufukuza.

Ya pili ilikuwa bara, kwenye baridi ambayo sisi wa pwani hatukuwa na nguo zake. Huko tulishinda. Sikumbuki shangwe. Nakumbuka mwenzangu amekaa garini, ameshavua helmeti, ushungi umeroa jasho, mikono yote miwili ingali juu ya usukani ingawa injini imezimwa. Alikuwa anaitazama mikono yake. Ami alikuja dirishani, akasema, "Alhamdulillahi, mwanangu," kisha akazunguka nyuma ya gari akajifanya anakagua tairi, kwa sababu alikuwa analia.

Katika duru hiyo tuliwajua wavulana wawili wa Nairobi waliomaliza nyuma yetu kidogo. Dereva alikuwa mrefu, mpole, na mwelekezi wake alikuwa na kigugumizi ambacho kilikuwa kikiondoka kabisa anaposoma njia. Walikuja kutupa mkono. Kuanzia hapo tulijua kwamba msimu ule ni wetu au ni wao.

Duru ya tatu, nayo ya huko bara, tulienda tukiongoza kwa pointi.

Siku moja kabla ya mbio huwa kuna ukaguzi: magari hupita njia yote polepole, dereva akisema anachokiona na mwelekezi akiandika. Tulipita, tukaandika. Kulikuwa na drifti moja, mahali barabara inaposhuka kuvuka kijito juu ya saruji, na juu yake niliandika: teremka, nyooka, nenda. Kijito kilikuwa kikavu. Usiku ule mvua ikanyesha mahali fulani juu, si kwetu. Asubuhi waliokwenda kuikagua njia walipita na kusema iko sawa, na ilikuwa sawa walipopita. Magari yaliyotutangulia yalipita. Maji yalikuwa yameila ardhi chini ya saruji bila kuonekana, na ilipofika zamu yetu ukingo wa mbali ukashuka.

Nimeeleza hivi kwa sababu watu wengi waliniuliza kosa lilikuwa la nani. Niliulizwa Kuze, niliulizwa kanisani, niliulizwa na babangu. Halikuwa la mtu. Ningependa lingekuwa la mtu.

Nilisoma, "Teremka, nyooka, nenda," naye akaenda. Kisha gari lilipiga kitu kwa mbele na dunia ikageuka. Nilisikia vioo, nikasikia mchanga, halafu kimya, halafu maji yakipita taratibu. Tulikuwa tumelala kwa upande wake. Nilikuwa nimening'inia kwenye mikanda juu yake.

"Uko?" niliuliza.

"Niko," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Mkono wangu siuoni."

Ulikuwapo. Ulikuwa umebanwa kati ya usukani na nguzo ya kizimba, mkono wa kulia, umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Hakupiga kelele. Alianza kusoma kwa sauti ya chini maneno ambayo yeye husoma kabla ya kila kipande cha mbio, nami nikaitikia kwa sala yangu, kila mmoja na yake, mpaka tuliposikia gari lingine likifunga breki juu ya ukingo.

Walikuwa wale wavulana wawili wa Nairobi. Mwelekezi alikimbia kurudi nyuma barabarani na ubao wa alama nyekundu kuwazuia wengine. Dereva alishuka mtoni, akaingia majini hadi magotini, akaushika mkono wa mwenzangu usining'inie mpaka watu wa ambulensi walipofika. Muda wote huo alizungumza naye habari za Mombasa, akamuuliza kama ni kweli mahamri ya kwetu huliwa na mbaazi, na yeye akamjibu, kwa adabu kabisa, kama mtu aliyetembelewa nyumbani kwake.

Mimi nilitoka na michubuko na shingo iliyouma majuma kadhaa. Basi. Sikuvunjika hata kidole, na kwa muda mrefu hilo nililiona kama deni.

Mwenzangu alipasuliwa huko huko bara, kisha akaletwa hospitali ya Mombasa, kisha nyumbani. Mfupa uliunga vizuri. Mshipa wa fahamu haukuunga. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikufunga tena. Nilikuwapo alipomuuliza daktari kama ataweza kushika usukani.

"Tuanze na kijiko," daktari alisema. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka, na alimwambia kweli.

Lakini kwao hawali kwa kijiko, hasa siku ambazo jamaa wote wamekaa pamoja kuzunguka sinia. Wanakula kwa mkono, na mkono ni wa kulia. Siku za kwanza mwenzangu alisema hana njaa. Mamake alifahamu. Kuanzia siku iliyofuata alikaa kando yake, akamega wali, akaufinyanga tonge, akamtia mdomoni, mbele ya watu wote, huku akiendelea na mazungumzo na wengine kana kwamba ndivyo walivyokula siku zote. Mwenzangu alikuwa binti wa miaka ya ishirini na ushei. Alifumba macho na kutafuna. Niliiangalia sinia.

Wageni walikuja kwa wingi. Wanawake walipanda ngazi na vikapu vya matunda, wakavua viatu, wakakaa. Wengi walisema maneno mema. Shangazi mmoja alisema Mungu amewaonyesha, na aliyeonyeshwa mara moja asingoje ya pili. Mamake mwenzangu alimmiminia kahawa. "Kunywa, dada, itapoa," alimwambia, na habari hiyo haikurudi tena chumbani mle.

Nilikwenda kila siku nilipotoka kazini. Wakati huo nilikuwa nimeanza kufundisha shule ya watoto wadogo karibu na kwetu. Tulizungumza habari za kila kitu isipokuwa gari. Nilimsaidia kuandika kwa mkono wa kushoto. Alikuwa akiandika jina lake, herufi zimelala kama majani yaliyopigwa na mvua, kisha anaichana ile karatasi vipande vidogo sana, kwa mkono mmoja, polepole. Wakati mwingine ilinijia kumwambia kwamba sauti ya mwisho aliyoisikia kabla ya gari kupinduka ilikuwa yangu ikimwambia nenda. Sikumwambia. Alijua.

Huko Tononoka, babangu aliniambia sitapanda tena gari lile. Sikubishana naye. Sikutaka kulipanda.

Ami hakuniambia kitu, wala hakumwambia mwenzangu. Alilirudisha gari kwa lori, akalifunika turubai. Baada ya muda nikaanza kusikia nyundo nyuma ya nyumba yetu, jioni baada ya kazi zake za kawaida. Alikuwa analinyoosha. Mama alimuuliza kutoka upande wetu wa ukuta analitengenezea nani. Akasema hajui, ila haliwezi kukaa hivyo.

Duru ya mwisho ya msimu ilikuwa pwani, ndani ya Kilifi, kwenye barabara za udongo mwekundu kati ya mikorosho. Mwenzangu alikuwa ameshapoteza nafasi ya ubingwa. Wale wavulana walikuwa mbele sana. Siku moja nilimkuta amekaa dirishani, plasta imeshatolewa, mkono umelala juu ya mto.

"Ami amelimaliza gari," alisema.

"Nimeona."

"Wewe utaendesha. Mimi nitasoma."

Nilidhani ananitania. Nilikuwa na leseni, kweli, na barabarani kati ya kipande na kipande mara nyingi nilikuwa nikimpokea usukani ili apumzike. Lakini kuendesha vile na kuendesha mbio si kitu kimoja. Nilimwambia siwezi. Nikamwambia naogopa, na kwamba hata nikiwa kwenye tuktuk, ikishuka mteremko nafumba macho.

"Mimi pia," alisema. "Lakini mwakani sitakuwa chipukizi tena, na mkono huu hautaendesha. Sitaki mwisho wangu uwe ndani ya kijito kile. Sikuambii tushinde. Tufike tu."

Nilikataa siku ile, nikakataa na iliyofuata. Hakunisihi. Mamake alimwambia mamangu sokoni kwamba binti yake ameanza kukaa na daftari tena, na kwamba yeye hajui amshukuru Mungu au alie.

Jumapili moja alasiri, tumetoka kanisani na kula, mlango ukabishwa. Alikuwa babake mwenzangu, kanzu nyeupe, kofia, fimbo ambayo hakuihitaji. Hakuwahi kuja kwetu. Babangu alisimama.

"Hodi ya mchana huu nisamehewe," alisema mgeni.

"Karibu, mzee mwenzangu. Karibu ndani."

Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akaketi. Mama alileta chai ya maziwa na mkate wa sinia alioununua kwa jirani, kisha akaketi naye. Wazee wawili wale wakaulizana hali kwa kirefu: nyumbani, kazini, jamaa wa Taita, jamaa wa Kuze, mvua, miguu. Nilikuwa jikoni, mlango wazi. Hakuna aliyenificha kitu.

"Nimesikia mabinti wamezungumza," mgeni alisema mwishowe.

"Na mimi nimesikia," baba alijibu. "Mzee, nitakwambia wazi. Mimi nina mtoto mmoja."

"Najua. Sikuja kukuomba."

Baba akamsogezea kikombe.

"Nimekuja kukwambia kwamba naogopa," alisema yule mzee. "Nyumbani siwezi kulisema. Mamake akinitazama, nanyamaza. Ndugu yangu naye ana gari lake, hana sikio. Nikasema, aliye na hofu kama yangu yuko Tononoka, wacha niende nikae naye."

Baba alikuwa mtu wa reli, mtu wa saa na ratiba, si wa kuzungumza habari za hofu. Alimega kipande cha mkate, akakiweka, hakukila.

"Siku ile niliambiwa kwa simu," alisema. "Waliniambia wako hai kwanza, ndipo wakaniambia wamepinduka. Mpaka leo simu ikilia, hungoja nisikie neno la kwanza."

"Mimi niliambiwa wamepinduka kwanza," mgeni akasema.

Walikaa pale mpaka adhana ya magharibi iliposikika. Mgeni akaomba mahali pa kuswali. Mama akafagia chumba cha mbele ambacho kilikuwa kisafi, akamtandikia shuka jipya. Baba alitoka nje akasimama mlangoni mpaka amalize. Alipomsindikiza hadi njia kubwa na kurudi, alinikuta nimekaa ngazini.

"Wewe mwenyewe wataka?" aliniuliza. Sijui alilipata wapi lile "wataka" la Kimvita. Kwa kawaida hasemi hivyo.

Nilimwambia sitaki, ila nitakwenda.

"Basi nenda polepole," alisema. "Usinifanyie ushujaa."

Ami alishughulikia ruhusa zote. Daktari wa mashindano alimpima mwenzangu akasema kusoma anaweza. Babake alivifungua viti vyote viwili na kuvishona upya, cha kulia kwa kipimo changu na cha kushoto kwa kipimo cha bintiye, na pembeni mwa kile cha kushoto akatia mto wa kulaza mkono.

Kabla ya mbio, wale wavulana wa Nairobi walitujia. Yule mwelekezi alitaka kusema kitu, kigugumizi kikamzuia, akacheka, akampa mwenzangu mkono wake wa kushoto. Mwenzangu akaushika kwa wake wa kushoto.

Sikuendesha vizuri. Nilichelewa kubadili gia, nilibana breki mahali pasipohitaji, magari ya nyuma yalitupita. Lakini nilikuwa nasikia. Sikuwahi kujua sauti ya mwelekezi inavyokuwa kwa aliyeshika usukani. Ilikuwa ndani ya kichwa changu, tulivu, karibu kuliko mawazo yangu mwenyewe. Kulia, wastani, inafunguka. Kushoto juu ya mwinuko, shika katikati. Nilielewa kwa nini alikuwa akisimama mbele ya ukuta na kungoja.

Kwenye kipande cha mwisho kulikuwa na drifti. Tuliiona siku ya ukaguzi, kavu, imara, tena mvua haikuwa imenyesha Kilifi kwa muda. Nilijua. Alisoma, "Teremka," na mguu wangu ukatoka kwenye mafuta ukaenda kwenye breki. Gari likasimama juu ya mteremko, vumbi letu wenyewe likatufikia na kutupita. Nilimwambia, "Siwezi kushuka pale."

Saa ya mashindano ilikuwa inakwenda. Mwelekezi mwingine angeniambia hivyo. Yeye alifungua kioo cha helmeti, akainama mbele, akaitazama ile drifti kwa macho yake, akaiangalia kweli, upande huu na upande ule. Nadhani kwa mara ya kwanza alikuwa anaitazama kama mtu asiye na haraka.

"Iko sawa," alisema. "Naiona yote. Gia ya kwanza."

Sikuitia.

"Nami niko humu," alisema.

Nikatia gia. Tukashuka kwa mwendo wa mtu anayerudisha ng'ombe nyumbani, magurudumu yakagusa saruji, yakavuka, yakapanda. Tulipofika juu alifunga kioo akaendelea kusoma kutoka pale alipoachia, sauti ile ile, isipokuwa maneno machache ya kwanza yalikuwa na majimaji ya machozi.

Tulimaliza wa mwisho kati ya chipukizi waliofika. Kwenye mwisho wa njia walikuwapo wazee wawili, mmoja na kanzu, mmoja na kofia ya reli aliyostaafu nayo, wamesimama pamoja chini ya kivuli cha hema. Mamake mwenzangu hakuja. Alikuwa amesema atakuja na hakuweza. Babake alifungua mlango wa kushoto. Mwenzangu hakuwa na nguvu ya kufungua mikanda kwa mkono mmoja, kwa hiyo mzee alipiga goti kwenye vumbi, na kanzu yake ile nyeupe, akamfungulia mmoja mmoja. Aliposimama kanzu ilikuwa nyekundu hadi kiunoni. Babangu alinishika bega tu. Kisha akasema gari linavuja mafuta, na lilikuwa linavuja.

Ubingwa waliuchukua wale wavulana wa Nairobi, na waliustahili. Sisi tulipewa mkono na kurudi nyumbani.

Nimeolewa sasa, naishi Tononoka bado, nafundisha. Huendesha gari kwenda sokoni na kurudi. Ami alimuuzia gari mtu wa Malindi. Babake mwenzangu alifariki mwaka juzi, na babangu, ambaye hakuwahi kuingia msikitini, alisimama nje ya mlango viatu mkononi mpaka jeneza lilipotoka, kisha akashika ubavu mmoja wa jeneza hadi makaburini.

Mwenzangu hakuacha. Kwa muda hakutaka, halafu binti mmoja wa Nakuru, dereva, akampigia simu akimwomba amsomee. Anamsomea mpaka sasa. Mkono umeimarika kiasi: anashika kikombe, anafunga ushungi wake mwenyewe, kalamu bado ni ya kushoto. Mara kwa mara hunipigia simu akiwa safarini, kwenye hoteli fulani ya bara yenye baridi, na kabla hajaniambia wamemaliza nafasi ya ngapi, huniambia, "Tuko salama," ndipo aendelee na mengine.

Mara ya mwisho alipopiga nilimuuliza kama bado anaota yale maji. Alisema huota, lakini siku hizi ndotoni yeye amekaa kushoto. Nikamuuliza nani anaendesha. Akasema hajawahi kugeuka kumtazama. Macho yake huwa kwenye daftari. Kisha akaniuliza habari za goti la mamangu, linalomsumbua siku hizi, nikamweleza, tukazungumza habari za goti hilo kwa muda mrefu.